Kazi kubwa haiko kwenye matamko

Umeuliza kama vyama vya wanasayansi hufanya lolote kwenye sera zaidi ya kutoa matamko yasiyosomwa na mtu. Hufanya, ila sehemu yenye uzito haionekani sana.

Mfano ni AAAS, chama kikubwa cha wanasayansi cha Marekani. Tangu 1973 ina mpango wa kuwaweka wanasayansi katika ofisi za Bunge kwa mwaka mmoja, na baadaye wizarani pia. Mtu aliyezoea kuandika makala ya kurasa 30 anaambiwa na bosi wake: nipe ukurasa mmoja kuhusu muswada huu, kura ni kesho. Hapo ndipo anapojifunza kwamba mbunge hataki mbinu za utafiti, anataka kujua nini kitatokea akipiga kura ya ndiyo. Wengine hawarudi maabara kabisa, na kwa maoni yangu hiyo ni faida, maana wanabaki huko huko serikalini wakijua nani wa kupigiwa simu.

Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, nayo huwaunganisha watafiti na wabunge au watumishi wa serikali, wajue kazi za wenzao.

Kuhusu siasa za vyama: Marekani vyama vingi vya kisayansi vina hadhi ya asasi za hisani, kwa hiyo haviruhusiwi kumpigia debe mgombea. Kushawishi kuhusu muswada kunaruhusiwa, kwa kiasi. Udhaifu ninaouona ni kwamba sauti yao hupanda zaidi bajeti ya utafiti inapoguswa, na wabunge wanaliona hilo.