Umepangiwa skuli ya vilimani Pemba? Usianze kwa barua ya uhamisho

Nimepata ujumbe wa dada mmoja, mwalimu mpya, aliyepangiwa skuli ndani ya Wilaya ya Mkoani. Kazaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, hajawahi kulala shamba, na watu wa kwao wanamwambia ametupwa. Anataka kujua afanye nini arudishwe mjini haraka. Mdogo wangu, hilo nisikufiche, sikusaidii. Mimi nilipelekwa huko huko nikakaa, na ujumbe wako umenikuta nimetoka kuzungumza kwa simu na binti niliyemsomesha kilimani, amepata nafasi ya kusomea ualimu chuo kikuu, Tunguu. Tangu hapo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi nitakueleza niliyoyaona.

Kwanza ujue unakokwenda. Pemba ni kilima, bonde, kilima tena. Si Usambara, hata mita 150 vilima vyake havifiki, lakini panda na ndoo kichwani kutoka kwenye chemchemi, udongo mwekundu umelowa masika, ndipo utakapoujua urefu wake. Juu kuna nyumba na mikarafuu, chini kuna mpunga na maji. Gari ya abiria inakushusha barabara kuu, kutoka hapo ni bodaboda, na mvua ikikaza ni miguu yako. Umeme ulifika kisiwani kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 na umesambaa sana, ila weka taa ya kuchaji, ukihitaji kusahihisha madaftari usiku utanikumbuka.

Hayo yote unayazoea. Linalowashinda walimu wengi wa kutoka mjini ni jengine: hawajui kwamba kijiji kile kinakwenda kwa karafuu. Wazee walinisimulia jinsi kimbunga cha 1872 kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba hasa. Harusi inasubiri karafuu. Bati la nyumba linasubiri karafuu. Deni la dukani linaandikwa daftarini mpaka karafuu. Na mti wenyewe hauna ahadi, mwaka huu umejaa, mwakani unakupa majani matupu. Ukifika mwaka mkavu utawaona watu wagumu, wazito wa kuchangia skuli, na ukifika mwaka wa neema utadhani ni watu wengine.

Mimi niliingia mwaka wa neema. Nilipofika mwezi wa tisa darasa lilikuwa nusu. Mwalimu mwenzangu alisema wazazi wa huku hawapendi elimu, akaendelea kunywa chai yake. Sikulikubali neno lile. Mchana nikamfuata mama mwenye nyumba yangu mpaka shambani kwao, nikaona kazi ilivyo. Vijana wako juu ya miti na ngowe za kuvutia matawi, na tawi la mkarafuu halina dalili, linakatika ghafla, kwa hiyo kila nyumba ina mtu aliyewahi kuanguka au anayemuuguza aliyeanguka. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Karafuu lazima ichumwe kabla haijafunguka ua, ikipitiliza imekwisha thamani, na haimsubiri mtoto amalize kipindi cha hesabu. Usiku ule ule inakonyolewa, yaani kutenganisha karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyoishikilia, asubuhi inaanikwa kwenye majamvi, siku nne tano za jua kali. Ikinyeshewa inachacha na kupauka, na kule kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, itashushwa daraja. Hata makonyo hayatupwi, yanauzwa yakakamuliwe mafuta kwenye kiwanda cha Wawi.

Sasa niambie, mama mwenye watoto watano na mume aliyevunjika mguu atamwacha nani nyumbani?

Nilifanya hivi. Baada ya Isha nikawa nakwenda kwenye ukumbi wao, nakaa jamvini na kanga yangu kiunoni, nakonyoa nao. Mikono yao inakwenda, midomo iko huru. Nikaanza kuwauliza watoto jedwali la kuzidisha. Pishi tatu kwa bei hii ni ngapi? Ukitoa malipo ya mchumaji, baba anabakiwa na nini? Siku za mwanzo walikuwa wa nyumba ile tu, baadaye watoto wa majirani wakaja na karafuu zao kwenye makapu, mama zao nyuma yao. Msomaji, niliyoyasomesha kwenye jamvi lile sikuwahi kuyasomesha vizuri hivyo ubaoni! Msimu ulipokwisha darasa langu lilirudi likiwa halijaachwa nyuma. Binti wa Tunguu alikuwa kwenye jamvi lile, mdogo, analala ameshika kikonyo mkononi.

Naona fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Lakini nililipia. Nilikuwa na mchumba mjini, posa imeshaletwa. Nilipokataa kuomba uhamisho, kwao walikutana, na shangazi yake akamwambia mama yangu barazani, watu wanasikia, kwamba hawaoi mwalimu wa mabondeni. Mama alilia. Yeye mchumba hakunipigia hata simu, alituma mtu. Miaka imepita, nimeolewa na nina watoto, na bado nikilikumbuka neno lile linanichoma. Ndiyo maana nakereka nikisikia "ametupwa". Ametupwa wapi? Wale wanaoishi kule wametupwa na nani? Karafuu hiyo hiyo ya mabondeni ndiyo iliyoibeba nchi hii, kisha mtoto wa aliyeichuma tunamwona hastahili mwalimu mzuri! Mwogopeni Mungu. Mshahara ni mmoja, cheti ni kimoja, na mtoto wa kilimani ana akili ile ile.

Basi, mdogo wangu, ukifika nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako, siku ya kwanza, usingoje kuitwa. Amkia watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakikukaribisha muhogo au shelisheli kaa ule. Ujue msimu wa karafuu kabla hujamhukumu mzazi yeyote. Mazishi nenda, usiulize kama ni jamaa. Ukialikwa mchezo wa ng'ombe nenda pia, utawaona watu wako wakicheka. Na tena nasema, ujue msimu wa karafuu.

Usioge wala kufua mitoni, hata maji yakiwa safi kama kioo. Kichocho kipo Pemba, kinaingia kwa ngozi ukiwa ndani ya maji, na watoto wanagaiwa dawa zake kwa sababu hiyo. Wakigaiwa, simama nao na uwaeleze, wengine wanaziogopa. Maji ya kunywa chemsha.

Kuhusu nyumba uliyoniuliza: usichukue ya bondeni kwa sababu iko karibu na maji, masika utaingiliwa na tope mpaka chumbani. Chukua ya juu yenye bati zima, ununue pipa kubwa la kukingia maji ya mvua, na upange na familia yenye mwanamke mtu mzima. Ukitaka, niandikie jina la skuli yako, nina watu Mtambile wa kukupokea ukishuka botini Mkoani.