Mzigo wa Krismasi niagize kiasi gani ili nisibaki nao Januari?

SWALI: Habari kaka, nina duka la nguo za watoto hapa Moshi, mzigo nachukua Kariakoo kwa bei ya jumla. Mwaka jana saizi za miaka 4 hadi 7 ziliniishia tarehe 20 Desemba, nikaagiza tena ukafika sikukuu imeshapita, halafu nguo za wachanga nikabaki nazo mpaka Pasaka. Mwaka huu nataka nikope niongeze mzigo. Nitajuaje niagize kiasi gani, na lini?

JIBU: Salama dada, asante kwa swali. Kabla ya kukopa naomba usimame kwanza, maana kwa ulivyoeleza shida yako sio mtaji mdogo. Duka lililoishiwa saizi moja huku saizi nyingine imeganda mpaka Pasaka hela ilikuwepo, ila ilikaa kwenye nguo ambazo hazikutakiwa. Ukikopa ukaagiza vilevile utabaki na wachanga mara mbili, na safari hii kwa riba.

Chukua daftari la mauzo la mwaka jana, usiangalie jumla ya hela, hesabu pisi kwa saizi. Kama huandiki saizi anza leo, hata kwa kupiga vijiti tu kwenye karatasi. Halafu kumbuka Moshi sio Dar. Dar watu wananunua mapema kwa sababu wanasafiri, ila kwako wateja wakubwa ndo haohao wanaoshuka na mabasi kuanzia kama tarehe 18 kwenda juu, wanafika nyumbani wanakuta watoto wa kaka na wa dada wamejaa, wanataka nguo ya kesho. Kwahiyo soko lako linawaka mwishoni, na mwishoni ndo mzigo unachelewa, mabasi yamejaa abiria na mabegi yao, kifurushi chako kinasubiri.

Hesabu yenyewe ni hii: pisi zinazotoka kwa siku, zidisha na siku za mzigo kufika, ongeza akiba kidogo. Ukibakiwa na idadi hiyo unaagiza. Tuseme Novemba saizi ya miaka 5 inatoka pisi 3 kwa siku na mzigo unafika siku 2, basi ukibakiwa na 6 na akiba ya 2 au 3 unaagiza, hamna presha. Wiki ya Krismasi zikitoka 10 kwa siku na mzigo ukachukua siku 5 unatakiwa uagize zikiwa zimebaki 50, na hapo bado hujaongeza akiba! Mwaka jana nadhani ulisubiri rafu iwe nyeupe ndo ukapiga simu Kariakoo. Kwa hesabu hiyo oda ya mwisho iwe imetoka tarehe 16 au 17, baada ya hapo usitume hela hata mteja alie.

Sasa kiasi gani. Angalia ukiuza unapata ngapi na ukibaki nayo unapoteza ngapi. Gauni umenunua 15,000 unauza 25,000, faida 10,000. Likibaki utaliuza Januari 10,000, hasara 5,000. Gawa hasara kwa faida na hasara zikijumlishwa, 5,000 kwa 15,000, unapata moja kwa tatu. Hapo pisi ya ziada inalipa hata kama nafasi ya kuuzika ni kidogo tu zaidi ya moja kwa tatu, kwahiyo magauni ya kawaida ya saizi zinazotembea ongeza bila woga. Ila nguo nyekundu zenye maandishi ya Krismasi ni habari nyingine kabisa, umenunua 6,000 unauza 10,000, faida 4,000, na tarehe 26 haina mnunuzi, yaani 6,000 yote imekwenda. Hiyo mpaka uwe na uhakika zaidi ya asilimia 60, mimi ningechukua chache zikaisha mapema nikashukuru.

Wachanga punguza. Mtoto wa miezi mitatu hadai nguo ya sikukuu, wa miaka 6 anadai, na analia mbele ya watu.

Kuhusu mkopo, kama ni hii ya kausha damu ya rejesho la kila siku au kila wiki, hapana dada. Utaanza kulipa Novemba mwishoni wakati mauzo makubwa yanakuja baada ya tarehe 18, utajikuta unauza kwa bei ya hasara ili upate rejesho tu. Bora uongee na yule unayechukua kwake mzigo akupe nusu kwa mali kauli, yaani unachukua mzigo sasa unalipa ukishauza, mteja wa miaka mingi huwa wanamsikiliza. Na usisahau, kama unalipa kodi kwa awamu TRA, awamu ya nne mwisho wake ni 31 Desemba, itenge kila jioni kwenye namba tofauti ya simu usiyolipia mzigo. Na sare za shule usiziache, Januari shule zinafunguliwa na hela ya kuzinunulia itoke kwenye mauzo ya Krismasi yenyewe.

Ukishapata pisi kwa saizi kutoka kwenye daftari nitumie, tuziangalie kabla hujatuma hela Kariakoo.