Rangi za dende (simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa): maswali ya wafugaji wa Bukavu

Dume mweusi, jike mweusi, lakini mtoto mmoja kati ya watatu katoka kahawia. Dume wa jirani aliingia? (Mama wa Kadutu)

Si lazima, mama. Jeni ya weusi huifunika ya kahawia, hivyo dende mweusi anaweza kubeba kahawia maisha yake yote bila kuionyesha. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa kahawia. Ukitaka kumpima dume, mpe jike wa kahawia. Mtoto mmoja wa kahawia anatosha kuthibitisha. Wakitoka weusi saba mfululizo, basi karibu hakika habebi: anayebeba hupata saba hivyo mara moja tu kati ya 128.

Suala la jirani linaamuliwa na tarehe. Mimba ya dende ni siku 59 hadi 72, kwa hiyo watoto kamili waliozaliwa siku ya 45 tangu umweke dume wako si wake. Jike aliyekuwa akizurura jikoni na wenzake akae peke yake siku 72 kabla ya kupimwa, maana huenda ameshashika mimba.

Jike mwekundu kwa dume mweusi: nilitaka mabaka mekundu na meusi, nikapata rangi ya panya wa porini. (Kabare)

Hapa wengi hupotea, kwa sababu jeni ni mbili. Ya kwanza huamua kama weusi utatokea. Mwekundu mzima ana nakala mbili (moja kutoka kwa kila mzazi) zinazouzuia. Ya pili huchora pete kwenye unywele mweusi. Jike wako anayo, ila hana weusi wa kuchorwa. Dume aliporudisha weusi, pete ikaonekana. Puliza manyoya ya mgongoni yaachane: shina jeusi, pete nyekundu karibu na ncha, kisha ncha nyeusi tena.

Mabaka yanatokana na aina nyingine ya jeni ile ya kwanza, inayoshinda wekundu na kushindwa na weusi. Mpe jike huyo dume mwenye mabaka: kwa wastani nusu ya watoto watakuwa na mabaka, au wote kama dume ana nakala mbili. Ukubwa wa mabaka haupangiki.

Mweupe wa macho mekundu kwa mweusi: hakuna mweupe hata mmoja! (Bagira)

Ndivyo inavyotakiwa, ndugu. Mweupe huyo ana jeni mbili zilizojificha, kila moja kwa nakala mbili: moja hubakiza weusi puani, masikioni na miguuni tu, nyingine ni ile ya wekundu, inayoufuta hata weusi huo. Watoto hao wakipandana wao kwa wao, mweupe ni mmoja kati ya 16. Ukiwapeleka kwa mweupe mwingine wa macho mekundu, asiye ndugu yao, ni mmoja kati ya wanne.

Rangi huongeza uzito? (Walungu)

Hapana. Dende wa nyama chagua kwa mizani.

Dende wa kijivu kwa kijivu: mtoto mweupe, bila macho. (Ibanda)

Usirudie kabisa. Kama ukijivu wao ni nywele nyeupe zilizochanganyika na nyeusi, hiyo ni jeni ambayo nakala mbili zake huleta mtoto mweupe, macho madogo au hayapo, meno mabovu; wengi hufa mapema. Hatari ni mmoja kati ya wanne kwa kila mtoto. Kijivu apandishwe na mwenye rangi kamili: nusu watatoka kijivu, bila kilema hiki. Jihadhari na mwenye mabaka meupe makubwa aliyezaliwa na kijivu, maana ukijivu wake unaweza kufichwa na weupe huo.