Jibu: Homoni za thaimasi na seli shina za uboho
Habari ndugu. Umekwama kwenye mchoro wa jinsi damu inavyotengenezwa: je, homoni za thaimasi (tezi ndogo kifuani) ndizo zinazoamuru uboho utengeneze damu yote? Hapana. Anza kukagua mishale yako. Mimi niliigeuza hivyohivyo nikisoma hapa Mbeya. Seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli za damu, hukaa kwenye uboho, kisha baadhi ya seli changa zitokazo humo husafiri na damu hadi kwenye thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Huko homoni zake, thaimosini na thaimulini, husaidia kuzikomaza ziwe seli T, chembe nyeupe za kinga. Thaimulini bila zinki haifanyi kazi.

Chembe nyekundu zina bosi wao, homoni ya figo iitwayo erithropoetini.

Wakichinja mwanambuzi huko Uyole, chungulia juu ya moyo: kinyama cheupe, laini, ndiyo thaimasi. Kwa beberu mzee ni mafuta karibu matupu.