Shangazi, nishike besi au niiache?

*Shikamoo shangazi,*

*Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili stashahada ya uhasibu katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Vipindi vinaanza saa 2 asubuhi, vinaisha saa 8 mchana. Saa 9 naingia kwenye kibanda cha wakala wa pesa karibu na stendi, mali ya binamu yangu, nafunga saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Ananilipa sh. 130,000 kwa mwezi. Chumba changu Ipuli ni sh. 35,000, inayobaki ndiyo chakula, fotokopi na sehemu ya ada. Mama yuko Urambo, analima tumbaku. Pesa yake inaonekana mara moja kwa mwaka, soko likifunguliwa.*

*Gitaa la besi nilijifunza kanisani tangu nikiwa kidato cha pili. Wiki iliyopita bendi lida wa bendi ya chuo alinisikia, akaniambia mpiga besi wao anamaliza masomo mwezi wa saba na wananitaka mimi. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa 2:30 usiku hadi saa 4:30, na Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Bado kuna shoo: mahafali, harusi, siku nyingine hotelini. Anataka jibu kabla mwezi huu wa tatu haujaisha.*

*Muhula uliopita nilitoka na GPA ya 3.6, ila somo la kodi nilipata 18 kati ya 40 za darasani, nikaponea kwenye mtihani wa mwisho wenye alama 60. Dada yangu anasema bendi ni uhuni na nitadisko, yaani nitafeli na kuondolewa chuo. Binamu sijamwambia. Mama sijamwambia. Mimi mwenyewe, shangazi, nikilala naisikia besi kifuani. Niingie au niache?*

*Mpiga besi wa Ipuli*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimeisoma kama shangazi, na mara ya pili kama mtu aliyewahi kupiga tumba, zile ngoma za mkono, katika bendi ya chuo huku akisoma na kujitafutia riziki. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Lile neno "uhuni" tulimalize mapema. Mji unaoishi ndio uliokuwa na bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na wazee wa hapa wakitajiwa majina hayo bado nyuso zao zinabadilika. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Muziki ni kazi, mwambie dada yako hivyo, tena kwa upole maana anakuogopea. Lakini nawe lichukue neno hilo kwa uzito wake: ukiingia bendi hujaongeza burudani, umeongeza kazi ya pili juu ya ile ya kibandani, na masomo yanabaki palepale.

Nimechukua kalamu nikakuhesabia. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa saba kila siku ni 49. Vipindi 30, kibanda 30. Zinabaki 59 za kupika, kufua, kanisa, njia na kusoma. Mazoezi ya bendi yanakula saba tu. Kwa karatasi, muda upo, na wala hauonekani kubana.

Mwaka 1986 nami nilikuwa na karatasi kama hiyo. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, wadogo zangu wawili walikuwa shuleni, basi jioni nilikaanga karanga, nikazifunga kwenye vikaratasi na kuziuza bwenini. Usiku, tumba. Nilipanga saa zangu kwenye daftari kwa rula na zote zikaenea. Kumbe saa hazikuwa tatizo langu. Kiongozi wa bendi hakujua kwamba nikitoka mazoezini ninarudi kwenye kikaango. Mama aliyenikopesha karanga hakujua habari za bendi. Mkufunzi wangu hakujua hata moja kati ya hayo mawili. Kila mmoja alidhani mimi ni wake peke yake, akanidai hivyo, nami nikawaitikia wote "ndiyo", kwa sababu kumweleza mmoja habari za wenzake niliona ni kama kukiri kosa.

Ikafika wiki ya mazoezi ya kufundisha. Usiku wa kuamkia siku ya kutathminiwa, bendi ilipiga kwenye sherehe hadi saa nane. Asubuhi nimesimama mbele ya darasa la tatu, mkufunzi amekaa nyuma na fomu yake, nikaandika ubaoni: 7 × 8 = 54. Watoto wakanakili. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasema taratibu, "Mwalimu, ni 56." Nikamwambia akae, afuate ubao. Akakaa. Akafuta 56 yake kwa kidole alicholowesha mate, akaandika 54.

Alama nilizopoteza siku ile nilizilipa, nilirudia mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata. Yule mtoto sikumwona tena, na kile kidole kikifuta daftari ninakiona mpaka leo. Sikukosa hesabu kwa kuwa siijui. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutomsikia mtoto aliyekuwa sahihi, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunizuia, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua.

Sasa niambie, binamu hujamwambia, mama hujamwambia. Hapo ndipo barua yako iliponitia wasiwasi, kuliko hata ile 18 ya kodi.

Tazama kibanda kwanza. Ijumaa asubuhi umetoka mazoezini jana saa 4:30, umefika Ipuli, umekula, umelala karibu saa sita. Vipindi mpaka saa 8. Saa 11 jioni foleni imejaa, mteja anasema elfu hamsini, kidole kinaongeza sifuri moja, laki tano imeondoka kwenye floti, zile pesa za biashara zilizo kwenye simu. Ukibahatika itarudishwa. Ukikosa bahati, pengo la 450,000 ni zaidi ya mishahara yako mitatu, na jioni ukikaa kulinganisha floti na fedha taslimu utakuwa unahesabu deni lako mwenyewe. Binamu ana haki ya kujua kwamba mtu anayeshika pesa zake atachelewa kulala siku mbili kwa wiki. Akijua, huenda akakuruhusu Ijumaa uingie saa 10. Huenda akakataa. Lakini utakuwa umejua kabla, si baada.

Kisha njia. Msichana kutoka mazoezini saa 4:30 usiku na kurudi Ipuli peke yake, hilo sikubaliani nalo, na sitalizungusha. Nani anakurudisha? Kama ni bodaboda, nauli inatoka mfuko gani? Mara mbili kwa wiki, miezi minne ya muhula, hiyo ni fedha ya fotokopi zako zote. Bendi inayotaka msichana ashike besi yake impe na usafiri wa kumfikisha mlangoni, kwa dereva mmoja anayejulikana. Kama hilo wanaliona ni deko, mwanangu, jibu lako umeshalipata.

Besi nayo si sawa na kuitikia kwaya. Mwimbaji wa pili akikosa, wimbo unaenda. Mpiga solo akichelewa, mpiga gitaa la ridhimu anaweza kuchezacheza wakamsubiri. Mpiga besi asipokuja, mpiga dramu anakosa wa kushikana naye na mazoezi yanavunjika. Usipofika Jumanne moja kwa sababu ya tesiti, umewarudisha nyumbani watu wengine sita. Wewe una moyo wa kuona aibu, barua yako inaonyesha, kwa hiyo hutakosa. Utaenda, na tesiti ndiyo itakayoumia.

Hata hivyo sikuambii uache. Kuna jambo umeliandika na hukuliona. Mpiga besi wao anamaliza mwezi wa saba, na sasa ni mwezi wa tatu. Nafasi yenyewe haijawa wazi! Una miezi minne ya kujifunza nyimbo zao pembeni yake bila mazoezi kukutegemea wewe. Ukikosa Jumanne, yeye yupo. Nafasi kama hiyo mimi sikuipata, niliingizwa kwenye tumba siku ambayo mwenzangu alihama.

Basi mjibu bendi lida hivi: nakuja, ila mpaka mwezi wa saba nakuja Alhamisi usiku na Jumamosi asubuhi. Jumanne ni ya somo la kodi. Shoo za nje ya chuo sipigi muhula huu. Wiki mbili kabla ya mitihani sionekani kabisa. Na Alhamisi nirudishwe nyumbani. Mwambie yote kwa siku moja, kabla hujagusa chombo, kwa sababu ukishapiga wakakupenda ulimi utakuwa mzito. Akikubali, ni kiongozi anayejua kuishi na wanafunzi. Akisema "yote au basi", mshukuru, endelea kupiga kanisani, maliza stashahada yako. Kifua kitauma kidogo, lakini besi hutaisahau, vidole havisahau haraka hivyo.

Utaniuliza, nitamudu vipi kwa mazoezi mawili tu, na gitaa la besi ni mali ya chuo, halitoki chumba cha vyombo? Tafuta gitaa kavu la kuazima, hata lililokatika nyuzi mbili nyembamba. Nyuzi nne nene za gitaa hilo, E, A, D na G, ndizo nyuzi za besi, tofauti ni kwamba besi inaimba oktavu moja chini. Njia ya vidole ni ileile. Dakika ishirini kitandani kabla ya kulala zitakutosha kushika mistari ya wimbo mmoja, na ukigusa nyuzi taratibu jirani hasumbuki. Alhamisi unafika unajua pa kwenda, unabaki kumsikiliza mpiga dramu tu.

Mwezi wa saba ukifika, chukua vitu viwili uvitazame pamoja: matokeo ya kodi, na daftari la kibanda. Alama za kodi zikiwa zimepanda na kusiwe na jioni hata moja uliyofunga na pengo, chukua Jumanne, chukua na shoo moja kwa mwezi, tena kwa malipo yanayotajwa kabla. Kimoja kikiwa kimeyumba, bendi watafute mwingine, na uwaambie mapema wasihangaike mahafali yakikaribia.

Mkufunzi wako wa kodi naye mtafute wiki hii. Huna haja ya kumwomba huruma. Mwambie unafanya kazi mpaka saa 2 usiku, muulize ni mada zipi mbili zilizokuangusha kwenye zile 40, na umwombe karatasi zako uzione. Wengi wanatoa.

Halafu mama. Umemwacha wa mwisho kwenye barua, nami nimemwacha wa mwisho, lakini simu yake ndiyo uipige kwanza, kabla ya bendi lida, kabla ya binamu. Usimpe uamuzi uliokwisha kuufanya, mweleze kama ulivyonieleza mimi, mpaka na habari ya besi kifuani. Huna haja ya kutafuta muda wake mchana. Msimu huu majani ya tumbaku yako kwenye bani, kile chumba cha kuyakaushia, na moto hauachwi peke yake. Mpigie saa nne usiku ukishafunga kibanda na kula, utamkuta macho.