Dunce, moron na wenzake, maneno ya Kiingereza ya kumwita mtu mjinga: maswali yenu ya wiki

Ticha wetu wa English alikuwa anatuita "dunce" darasa zima. Nasikia ni jina la mtu, kweli?

Kweli tupu. John Duns Scotus, padri Mfransiska kutoka Duns kule Scotland, kafia Cologne 1308. Na jamaa alikuwa kichwa hasa, falsafa yake ilikuwa inawatoa watu jasho. Sasa miaka kama 200 mbele wakaja wasomi wapya na Kigiriki chao, wafuasi wa Duns wakagoma kubadilika, wakabisha weee mpaka wakawa kichekesho, ukibisha kidogo tu unaambiwa we nawe Duns, mwisho jina likawa la mbumbumbu. Wanafunzi wamemharibia marehemu.

Kati ya "moron" na "idiot" lipi kali?

Yalikuwa na vipimo ndugu yangu! Moron alilitunga Henry Goddard, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1910, akalitoa kwenye Kigiriki. Maana yake mtu mzima mwenye akili ya mtoto wa miaka 8 hadi 12. Imbecile 3 hadi 7, idiot chini ya hapo. Yalikuwa yanaandikwa kwenye faili la mtu kabisa, na hapo ndo mi huwa sicheki, maana 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi binti anaitwa Carrie Buck, jaji Holmes akaandika eti vizazi vitatu vya ma-imbecile vinatosha. Kumbe binti alikuwa mzima wa akili, na mwanae Vivian alipoanza shule akaingia orodha ya waliofanya vizuri.

"Ignoramus" wingi ni "ignorami"?

Hapana, hilo ni kitenzi cha Kilatini, "hatujui". Wazee wa baraza mahakamani Uingereza walikuwa wanaliandika kwenye hati ya mashtaka ushahidi ukiwa mwembamba. Kwa hiyo sema ignoramuses, japo ulimi utajing'ata.

Sisi Waswahili je?

Juha ni yuleyule Juha wa hadithi za Waarabu. Punguani unaona mwenyewe, kuna kitu kimepungua.

Nataka la kumtania shemeji asinune.

Mwite nincompoop. Linachekesha hata kulitamka, na hakuna hospitali iliyowahi kuliandika kwenye faili la mtu. Akikuuliza maana mwambie ni cheo.