Maswali na Majibu: Mtoto na Mkumbo wa Pombe

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne umefika, na maswali mengi niliyoletewa wiki hizi yanahusu pombe. Nimechukua matano. Mengine yanafanana, kwa hiyo ukikosa lako, soma la mwenzako.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 16, nasoma Arusha. Tukikutana kwenye bethidei wenzangu wanakunywa, nikikataa wananiita mlokole na mshamba. Siwezi kuwaacha, ndio marafiki nilio nao. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Sikwambii uwaache leo, najua inavyouma kukaa peke yako mapumziko. Tafuta mmoja tu kati yao asiyependa pombe. Yupo, ila anaogopa kama wewe. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka watu kwenye chumba na kuwauliza mstari upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kabisa, lakini wote chumbani, isipokuwa mmoja anayepimwa, walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Wengi wa waliopimwa walifuata mkumbo angalau mara moja, huku macho yao yanaona ukweli. Alipopatikana mtu mmoja tu wa kusema jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mmoja tu! Basi ongea na huyo mwenzako kabla ya bethidei, mkubaliane kwamba mtakaa karibu na mtaondoka pamoja.

Pili, jibu lako liwe fupi. "Sinywi." Ukianza kueleza kwamba una mtihani, unaumwa tumbo, umetumia dawa, kila sababu utakayotoa watakupa dawa yake. Wakirudia, rudia neno lilelile kwa sauti ileile, kisha badilisha mazungumzo. Shika soda uliyoifungua mwenyewe na usiiache mezani ukaenda kucheza muziki. Mtu asiye na kitu mkononi ndiye anayemiminiwa, na kwa msichana glasi iliyoachwa bila mwenyewe ina hatari yake nyingine.

Ukibanwa sana, tusingizie sisi wazazi. "Baba akinisikia harufu, sitoki tena mpaka matokeo yatoke." Mzazi mwema hakasiriki kusingiziwa kwa jambo kama hilo.

Mwalimu, mwanangu wa kidato cha tatu amerudi Jumamosi usiku ananuka pombe. Baba yake anataka kumchapa. Mimi nimechanganyikiwa. (Mama, Mbagala)

Pole sana mama. Usiku ule kazi ilikuwa moja, kuhakikisha analala salama. Mtu aliyelewa hasikii mawaidha, na mzazi aliyekasirika hayatoi vizuri.

Kuhusu fimbo, nasema wazi kwamba sikubaliani nayo. Mtoto aliyechapwa kwa harufu hujifunza kuficha harufu. Safari ijayo atatafuna bablishi au atasema analala kwa rafiki yake "kujisomea", na ninyi mtakuwa mmepoteza nafasi ya kujua chochote. Mkae naye mchana, ameshakula, baba akiwepo. Muulizeni walikuwa wapi, nani alinunua, na hasa hili: alipopewa glasi, moyoni alitaka au hakutaka? Vijana wengi watakwambia hawakutaka, ila hawakujua waseme nini. Hapo ndipo mlipo na kazi. Fanyeni mazoezi palepale sebuleni, baba awe rafiki msumbufu, mtoto akatae. Mtacheka, na ni vizuri mkicheka, maana neno alilokwisha kulitamka nyumbani halimkwami mbele za watu.

Adhabu iwepo, tena ijulikane mwisho wake: mwezi mzima hatoki Jumamosi. Na kama baba naye hurudi amelewa, mama, hilo nalo lizungumzwe, ninyi wawili kwanza. Mtoto anaona.

Kwetu Moshi mbege ni kinywaji cha heshima. Naona bora mwanangu wa miaka 14 aonje kidogo nyumbani, asije akaenda kujifunzia kilabuni. Unasemaje?

Mzee wangu, mbege ya ndizi na ulezi ina mahali pake kwenye ukoo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni umri. Ubongo wa binadamu unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ileile ya kujizuia na kupima matokeo. Hilo la kuonjeshwa nyumbani wenzetu Australia wamelifuatilia: vijana wapatao 1,900 kwa miaka sita, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hawakuona kwamba kupewa pombe na mzazi kunamkinga kijana. Waliopewa na wazazi walikuwa pia na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata pombe kwa watu wengine.

Kwenye kipaimara au sherehe ya ukoo mpe nafasi nyingine ya heshima. Akaribishe wageni, asimame na kushukuru kwa niaba ya vijana. Kibuyu kitamsubiri.

Mangi mwenye duka mtaani kwetu anawauzia pombe wanafunzi waziwazi. Kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Nendeni wazazi watatu wanne kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mmoja peke yake huonekana ana chuki binafsi. Namba 116 ya kusaidia watoto nayo haina malipo. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, vikatoka mifukoni mwa wanafunzi, lakini chupa ndogo bado zinaingia kwenye begi la shule.

Na tuache kuwatuma watoto wakatuletee bia. Anayetumwa kila jioni haoni kwa nini asinunue yake.

Mwalimu, mwanangu anahitimu Jumamosi ijayo, na baada ya sherehe ya shule wanakwenda "kuendeleza" kwa mwenzao. Kuna mwaka kijana mmoja alizima wakamfungia chumbani alale. Nimruhusu?

Mpigie kwanza mzazi mwenye nyumba. Kama hakuna mtu mzima atakayekuwepo mpaka mwisho, jibu ni hapana, na lisemwe na wewe ili mtoto apate wa kumsingizia.

La kumfungia aliyezima limenitia uchungu, kwa sababu ndivyo watu wanavyokufa. Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata mtu akiwa amelala. Mfundishe mwanao kabla hajatoka: mwenzake akizima, amlaze ubavu, mkono chini ya shavu, goti la juu amelikunja, ili akitapika asipaliwe. Asimwache peke yake hata dakika moja. Kahawa, maji ya baridi, kumtia kidole atapike, hakuna kinachosaidia, na vingine vinadhuru. Akifinywa haamki, anapumua kwa kukatakata, midomo au kucha zimebadilika rangi, au ameshikwa na degedege, ni hospitali mara moja, na waseme ukweli alichokunywa. Kama ni gongo na mtu analalamika haoni vizuri, hata kesho yake, ni hospitali pia, maana gongo huweza kuwa na methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, nayo hupofusha na huua.

Ukimruhusu, ale ashibe kabla ya kutoka, simu iwe na chaji na vocha. Kisha mpange ujumbe wenu wa siri, mfano "Bibi amekunywa dawa?" Akikutumia huo, unampigia na kumwamuru arudi nyumbani sasa hivi. Paza sauti wenzake wasikie. Nauli ya bodaboda mlipe wewe mlangoni, na maswali yasubiri mpaka kesho yake, akishakunywa chai.